Neno "Ventilator" na Swali la Nani Apate Hewa

Katika miaka ya 1730, juu ya dari ya House of Commons jijini London, alikuwapo mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Gurudumu lenyewe lilikuwa na kipenyo cha futi 7, limefungiwa ndani ya kasha, na lilifyonza hewa ya joto na uvundo kutoka kwa wabunge waliobanana chini yake. Aliyelibuni ni John Theophilus Desaguliers, mwanafizikia mzaliwa wa Ufaransa. Mtu yule wa gurudumu alimpa jina la kazi: "ventilator".

Jina lilikuwa na asili yake. Kwa Warumi wa kale ventilator alikuwa mpepetaji, yule anayerusha nafaka ili upepo uondoe makapi, na mzizi wa neno ni ventus, yaani upepo. Sikio la Kiswahili halipati taabu hapo, kwa kuwa pepeta, pepea na upepo nayo husikika kama ndugu.

Gurudumu halikuwa jaribio la kwanza. Mwaka 1723 Desaguliers alitaka kuwasha moto katika vyumba vilivyo juu ya ukumbi, ili hewa ikipashwa joto ipande na kuivuta hewa chafu kutoka chini. Ufundi ulikuwa sahihi. Lakini vyumba vile vilikuwa mikononi mwa mtunza nyumba, Bi Smith, ambaye hakupenda kusumbuliwa. Akawa hawashi moto mpaka kikao kiwe kimekwisha kuanza na ukumbi umeshapata joto. Mpango ukafa. Kisa hiki kidogo kinabeba hoja ya mhadhara huu: neno "ventilator" limebadilika maana kila palipozuka swali la nani apate hewa, na nani mwenye uwezo wa kumpa au kumnyima.

Neno lilimhama mtu likahamia kwenye kifaa kwa mkono wa Stephen Hales, kasisi wa Teddington na mwanasayansi aliyetangulia wengine kupima shinikizo la damu la mnyama. Mwaka 1741 alikieleza kifaa chake mbele ya jumuiya ya wanasayansi ya Royal Society, na mwaka 1743 akakitolea kitabu. Kilikuwa kasha la mbao lenye ubao uliofungwa bawaba upande mmoja. Watu waliupandisha na kuushusha ubao kwa wenzo, huku vilango vidogo vikifunguka na kujifunga vyenyewe, upande mmoja hewa ikiingia na upande mwingine ikitoka. Mhunzi yeyote angeitambua mivukuto yake mle ndani. Hales alikipeleka kifaa hicho melini, hospitalini, gerezani na kwenye maghala ya nafaka.

Kilifika pia kwenye meli za watumwa. Nahodha Henry Ellis, aliyeongoza meli ya biashara hiyo, alikuwa miongoni mwa waliomwandikia Hales kukisifu. Jambo hili halifai kupitwa haraka. Waafrika waliofungwa pingu chini ya sitaha walipelekewa hewa kwa sababu kifo cha kila mmoja wao kilikuwa hasara kwa mwenye mzigo. Chombo kilichookoa maisha kiliitumikia biashara iliyoyaangamiza maisha hayo hayo, na historia ya neno ikiliacha hilo itakuwa imeficha sura yake iliyo mbaya zaidi.

Gerezani mambo yalisukumwa na hofu ya wakubwa. Mwaka 1750 homa ya magereza ilitoka na wafungwa wa gereza la Newgate ikaingia mahakama ya Old Bailey. Watu zaidi ya 50 walikufa, Meya wa London, Samuel Pennant, akiwa mmoja wao. Miaka 2 baadaye kinu cha upepo kilisimamishwa juu ya paa la Newgate ili kuendesha vifaa vya Hales. Wakati huo watu wengi waliamini kwamba homa hiyo hutokana na hewa mbaya. Ukweli ulipatikana mwaka 1909, Charles Nicolle alipoonyesha mjini Tunis kwamba homa hiyo, taifasi, huenezwa na chawa. Hata hivyo, mfungwa aliyeletewa pumzi safi hakudhulumiwa na kosa hilo la kisayansi.

Maana inayostahili kukumbukwa kuliko zote ilizaliwa bungeni. Mwaka 1778 wanawake walizuiwa kukaa katika roshani ya wageni ya House of Commons. Mwanzoni mwa karne ya 19 wakagundua njia nyingine. Juu ya taa kubwa ya mishumaa palikuwa na tundu la kutolea joto na moshi, na tundu hilo lilifika kwenye dari ya juu. Wanawake wakawa wanapanda huko. Mwandishi Maria Edgeworth alipofika mwaka 1822 alikuta kibanda cha mbao kikilizunguka tundu, na viti vikuukuu pembeni. Yeye na wenzake walisimama juu ya viti hivyo wakachungulia. Waliisikiliza mijadala katika joto lile lile lililowakimbia wabunge. Mahali pale pakaitwa "Ventilator". Neno likawa sasa jina la jukwaa la waliokatazwa jukwaa, mpaka moto wa Oktoba 16, 1834 ulipoliteketeza jengo.

Jengo jipya liliwapa wanawake roshani yao, lakini nyuma ya wavu wa chuma. Muriel Matters na Helen Fox walijifunga minyororo kwenye wavu huo mwaka 1908, ikabidi ung'olewe pamoja nao. Mwaka 1910 Emily Wilding Davison alijificha ndani ya njia ya hewa ya Bunge hilo hilo. Wavu uliondolewa kabisa mwaka 1917.

Hospitalini nako kazi ya kupeleka hewa ilirudi kwanza mikononi mwa binadamu. Mwaka 1952 polio iliupiga mji wa Copenhagen, na hospitali ya Blegdam ilikuwa na mashine chache mno kwa wagonjwa waliolegea misuli ya kupumua. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akapendekeza watobolewe koo, waingizwe mrija na kupulizwa hewa kwa mfuko unaobanwa kwa mkono. Wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana kuibana mifuko hiyo, usiku na mchana, kwa miezi. Vifo vya wagonjwa hao, vilivyokuwa zaidi ya 8 kati ya 10, vikashuka chini ya nusu. Mashine ziliposhika nafasi ya mikono ile, ndizo zilizokuja kubaki na jina.

Maana hiyo ndiyo iliyoenea Afrika Mashariki wakati wa UVIKO-19. Aprili 2020 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walionyesha mashine waliyoiunda wenyewe, na redio zikazoea kusema "mashine ya kupumulia". Wanaoandaa kamusi za Kiingereza na Kiswahili na waliandikie neno hili maana zake zote: kifaa cha kupitisha hewa katika jengo, tundu la hewa, mashine ya kupumulia, na hata ile dari ya wanawake wa London. Mfasiri asimpe msomaji "kipitisha hewa" pale ambapo mgonjwa anapumuliwa na mashine.