Tuwarudishie Wazee Nyimbo Zao

(Haya ndiyo maneno tuliyoyasema mbele ya vijana na wazee waliokutana Tengeru.)



Tumeombwa tuseme machache juu ya zawadi. Vijana wengi wametuuliza: "Babu amekula chumvi nyingi, bibi ametulea, tumpe nini?" Mmoja hununua blanketi, mwingine koti, mwingine mfuko wa sukari. Hatusemi kuwa ni vibaya. Mlima Meru una baridi, na mzee kuvikwa blanketi na mjukuu wake ni heshima. Lakini leo twataka kuwaambia habari ya zawadi isiyouzwa katika duka lolote la Arusha. Zawadi hiyo ni nyimbo za ukoo wake mwenyewe, zilizokusanywa na wajukuu, zikaandikwa, zikanaswa kwa sauti, naye akarudishiwa angali hai na masikio yake yangali yanasikia.

Ndugu, shikeni neno hilo: akarudishiwa. Wimbo wa ukoo si mali ya mwenye kuukusanya. Ni mali ya waliouimba wakipalilia, wakikamua, wakibembeleza watoto na wakiwasindikiza mabibi arusi. Sisi wajukuu ni wachukuzi tu. Mchukuzi hasifiwi kwa kupokea mzigo, husifiwa kwa kuufikisha.

Kukusanya nyimbo katika nchi yetu si jambo jipya. Mwaka 1906, wakati wa Wajerumani, Karl Weule wa Leipzig alizunguka upande wa kusini, Masasi na Newala, akiwa na mashine ya kunasa sauti katika nta. Sauti za wazee wetu wa kusini zikapelekwa Ujerumani. Mwaka 1950 akaja Hugh Tracey, akazunguka Tanganyika na mashine zake. Aliyoyanasa yamehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Hatuwalaumu watu hao. Pasipo kazi yao, sauti nyingi zingalipotea kabisa. Lakini jiulizeni: ni wajukuu wangapi wa waimbaji wale waliopata kuzisikia sauti za babu zao? Mzigo ulipokewa, lakini kwa wengi haukufika nyumbani.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema. Tarehe 10 Desemba 1962, alipohutubia Bunge akiwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuwa ameunda wizara mpya ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alikumbusha kuwa wakoloni walitufundisha kuzionea haya ngoma zetu, hata wasomi wetu wakajua kucheza rumba na chachacha, huku wengi wasiijue gombe sugu wala mangala. Maneno yale yana zaidi ya miaka 60. Wizara imebadili majina mara nyingi, lakini swali limebaki pale pale. Nasi twasema kwamba swali hilo halijibiwi na wizara peke yake. Hujibiwa jikoni kwa bibi.

Tena hapa hapa kwetu tunao mfano mwema. Katika miaka ya 1960, katika chuo cha Kilutheri cha Makumira, mwalimu Howard Olson na wanafunzi waliotoka pande mbalimbali walikusanya sauti za nyimbo za makwao na kuzitia maneno ya kanisani. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, aliyekuwa mwanafunzi pale, aliandika "Mfurahini, Haleluya" kwa sauti ya Kihaya. Leo wimbo huo huimbwa hata Ulaya na Marekani. Tazameni basi: sauti ya nyumbani, iliyodhaniwa kuwa ni ya kishenzi, ilipopewa heshima yake ilivuka bahari kwa miguu yake yenyewe.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, kwa nini nyimbo hizi ni za thamani kwetu sisi wa Meru na Arusha kuliko tunavyofikiri.

Wote mwajua habari ya Ngare Nanyuki. Mnamo Novemba 1951, serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikatawanyika, watu wakaelekezwa Kingori. Wameru wakachanga fedha, na mwaka 1952 Ndugu Kirilo Japhet akaenda New York, yeye na wakili Earle Seaton, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kueleza dhuluma ile. Habari hiyo imeandikwa katika vitabu, na kila mtoto wa shule aweza kuisoma. Lakini kitabu hakisemi bibi fulani alikuwa akiimba nini alipokuwa akikamua asubuhi ya mwisho. Hilo limo katika kichwa cha mtu. Na mtu aliyekuwa mtoto mwaka ule wa 1951 leo amepita miaka 70, wengine wamepita 80. Hesabuni wenyewe, ndugu. Hatuna muda mrefu.

Katika ukoo wetu tulimfanyia hivyo bibi yetu mzaa baba. Yeye alizaliwa Ngare Nanyuki, akatolewa huko angali msichana mdogo. Tuliwapitia mashangazi na wajomba: Poli, Akeri, Nkoaranga, Maji ya Chai, hata Kingori. Nyimbo nyingi zilikuwa zikijulikana na kila mtu. Lakini dada yake mkubwa, aliyebaki Kingori, alitupa wimbo mmoja ambao hakuna mwingine aliyeujua. Ni wa kukamulia, nao mama yao ndiye aliyekuwa akiuimba kule tambarare. Walipohamishwa na ng'ombe wakaisha, wimbo nao ukakosa kazi, ukanyamaza. Siku tuliyomsikizisha bibi, alikaa kimya mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hapo kati hamkusikia sawasawa. Hilo si neno la malisho. Hilo ni jina la ng'ombe wetu." Akatutajia yule ng'ombe, rangi yake, na kijito alichokuwa akinywa maji. Watoto wake wenyewe walikuwa hawajapata kusikia jina la kijito kile.

Mwaona, ndugu? Tulidhani tunampelekea bibi zawadi, kumbe ndani ya zawadi mlikuwamo kipande cha ardhi yetu.

Basi, kwa kijana anayetaka kufanya kazi hii, twasema hivi.

Kwanza, usitangulize simu. Mtangulize mtu. Nenda na majani ya chai na sukari, au maziwa, keti, salimu kwa desturi ya nyumba ile, kula loshoro ukipewa. Mzee akiona simu imeelekezwa usoni pake kabla ya salamu, atakuimbia wimbo wa shule na kunyamaza. Eleza nyimbo ni za nani na zinakwenda kwa nani. Mashangazi wakijua ni za kumpa mama yao, wataimba mpaka usiku.

Pili, usiulize "mwaka gani." Wazee wetu hawakuhesabu hivyo. Uliza ni wimbo wa rika gani. Uliza: uliimbwa kabla ya reli kufika Arusha, au baadaye? Reli ilifika mwaka 1929. Uliza habari ya vita vya Hitler, ya kuhamishwa Ngare Nanyuki, ya Uhuru mwaka 1961, ya Azimio la Arusha mwaka 1967. Kwa alama hizo utaupata umri wa wimbo, na mara nyingi utapata na kisa chake.

Tatu, andika kwa lugha ya wimbo. Kama ni Kimeru, andika Kimeru. Kama ni wa Waarusha, andika Kimaa. Usiugeuze wimbo kuwa Kiswahili kisha ukadhani umeuhifadhi. Sisi sote twakipenda Kiswahili, ndicho kilichotuunganisha Mmeru, Mwarusha, Mchaga na Mpare sokoni na mkutanoni. Lakini Kiswahili hakikuja kumeza lugha za mama zetu. Weka maneno ya asili juu, na maana kwa Kiswahili chini yake, maana watoto wengi waliozaliwa Sekei, Ngarenaro au Kaloleni hawajui tena lugha ya bibi yao. Mwombe mwimbaji aimbe mara moja, kisha ayaseme maneno polepole. Sauti ikiimbwa huficha maneno.

Nne, andika jina la aliyeimba, kijiji chake, siku, na kazi ya wimbo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Weka nakala zaidi ya moja, na kwa zaidi ya mtu mmoja, kwa kuwa simu huibiwa na simu huanguka majini.

Tano, na hili ni kubwa: heshimu kinachofichwa. Ziko nyimbo za jandoni na za wanawake peke yao ambazo si za kila sikio. Mzee akikuambia, "Huu hauimbwi hapa," usibishane naye, wala usimnase kwa siri. Wako pia akina bibi waliofundishwa na wamisioni tangu utotoni kuwa nyimbo za zamani ni dhambi. Bibi wa namna hiyo akisema ameziacha, usimcheke wala usimhubirie. Mwanzie wimbo wa kubembeleza mtoto, ambao hakuna mmisioni aliyepata kuukataza. Ukimweka kitukuu mapajani pake, wimbo utakuja wenyewe.

Tuna maneno pia kwa wenye kupinga. Wako wanaosema, "Haya ni mambo ya kikabila, yatatugawa." Sisi twasema la. Ukabila ni kumnyima mwenzako haki kwa sababu ya kabila lake. Kujua wimbo wa bibi yako hakumnyimi mtu chochote. Tena ukisikiliza vizuri nyimbo za Wameru na za Waarusha utaona jinsi watu hawa wawili walivyoishi mlima mmoja, wakapigana, wakapatana, wakaoana, wakaazimana desturi za rika. Mwenye kuzijua nyimbo zake ndiye anayetambua kilicho chake ndani ya wimbo wa jirani. Mwacha asili ni mtumwa, lakini aijuaye asili yake hamwogopi mwenye asili nyingine.

Wengine wasema, "Vijana wa sasa hawataki ya zamani, wanataka muziki wa kufokafoka." Hilo nalo si kweli. Kundi la X Plastaz la hapa hapa Arusha lilichanganya muziki huo na uimbaji wa Kimasai, likajulikana mpaka Ulaya. Vijana hawakukataa nyimbo za wazee. Wengi hawakupewa.

Mwisho, siku ya kutoa. Usimpe mzee chombo tu ukaondoka. Bibi mwenye macho hafifu hafaidiki na daftari, na asiyejua simu hafaidiki na simu. Mtilieni nyimbo katika kadi ya redio ndogo, zile za kubonyeza mara moja, ziimbe akiwa amekaa jikoni au kibarazani. Daftari wakabidhiwe wajukuu. Na kabla ya yote hayo, ukoo ukutane, na wajukuu waimbe wenyewe angalau wimbo mmoja kwa vinywa vyao, hata kama watakosea. Mwacheni mzee awasahihishe. Kule kusahihisha ndiyo sehemu tamu ya zawadi. Mzee aliyezoea kuambiwa kila siku "bibi, hujui mambo ya siku hizi" anakuwa tena mwalimu mbele ya watu wake wote.

Ndugu zetu, wakoloni walipochukua ardhi ya Ngare Nanyuki, wazee wetu walikwenda mpaka New York kuidai. Nyimbo hizi hakuna aliyetunyang'anya kwa bunduki. Zinatutoka kimya kimya, mazishi baada ya mazishi, na kuzidai hakuhitaji nauli ya ndege. Kunahitaji nauli ya basi kutoka mjini kwenda Kingori au Ngaramtoni, daftari moja, na kijana mwenye kujua kukaa na kusikiliza. Basi Jumapili ijayo, kabla hamjaenda kwingine, nendeni kwa mzee, na swali lenu la kwanza liwe hili: "Mama yako alikuwa akikuimbia nini?"