Rafiki Anapokuomba Umkopee Gari

(Mazungumzo kwa kamati za parokia, Wasso, Loliondo)



Ndugu wanakamati, mwaka 2011 magari yalipofurika Samunge kwa Babu, marehemu Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kikombe kilikuwa shilingi 500 tu. Fedha nyingi ilikuwa kwenye nauli. Mwenye Land Cruiser alionekana mfalme. Wageni walipopungua, aliyenunua gari kwa mkopo hakupunguziwa marejesho.

Leo nazungumzia mtu ambaye hata gari lenyewe si lake. Rafiki hana dhamana, anakuomba ukope kwa jina lako. Yeye ataendesha na kulipa.

Tuhesabu. Tuseme mkopo ni milioni 12, riba asilimia 20 kwa mwaka isiyopungua, miezi 24. Jumla ni milioni 16.8, yaani laki 7 kila mwezi. Kwa dume la laki 7, huyo ni ng'ombe mmoja kila mwezi. Rafiki analipa miezi mitano, gia boksi inakufa kwenye mawe ya Engaresero, simu hapokei tena. Zimebaki milioni 13.3: madume 19 kutoka zizini kwako. Mkopeshaji hamjui rafiki yako. Anaijua saini yako.

Kadi ya gari ina jina lako, na faini za barabarani hufuata namba ya gari. Gari likipinduka, bima ndogo haikulipi gari.

Wengine husema, "Mimi ni mdhamini tu." Hilo "tu" halimo katika Sheria ya Mikataba: mdhamini hubeba deni sawa na mkopaji, isipokuwa mkataba useme vingine.

Na mama nyumbani je? Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Lakini hapo imetajwa nyumba, zizi halimo. Ndiyo maana mama anaweza kupata habari siku ng'ombe wanapohesabiwa.

Wazee wa Kimaasai wana njia yao. Ukimpa rafiki ng'ombe, mnaitana pakiteng, na kilichotolewa kimetolewa. Basi mpe mtamba mmoja, kama unaweza kumkosa. Gari akope kwa jina lake, kwenye SACCOS yake, kadiri ya akiba yake.

Wenye mikataba tayari, baada ya chai tubaki. Njooni na mkataba, kadi ya gari na stakabadhi za marejesho.