Tundu la USB Lije Mbele

Katika saiba za masoko kama Ruiri, kaunti ya Meru, flashi ni kifaa cha kila siku. Mwanafunzi anachapisha fomu ya mkopo wa HELB, mkulima anataka cheti chake cha kodi cha KRA. Lakini kompyuta nyingi za mezani huwa na matundu mengi ya USB nyuma, upande wa ukutani. Mhudumu huinama, huvuta kasha, na waya wa kiwambo unachomoka huku foleni ikisubiri.

Dawa ni nyepesi: kebo ya kurefusha. Huchomekwa nyuma mara moja, kisha upande wake wenye tundu hubanwa chini ya ukingo wa meza, karibu na mkono. Meza inabaki safi.

Faida kubwa zaidi haionekani kwa macho. Tundu la kawaida la USB lilisanifiwa kustahimili kuchomekwa na kuchomolewa mara 1,500 hivi, na saiba yenye wateja haikawii kufika hapo. Sasa linalochakaa ni tundu la kebo; likilegea, heri kubadilisha kebo kuliko kufungua kompyuta.

Kebo isiwe ndefu mno. Kwa USB 2.0, mita 5 kwa jumla zatosha. Anayetaka matundu manne hununua kisanduku cha kugawa, ila akumbuke kwamba vyote vitakavyochomekwa humo vitagawana miliampia 500 za tundu moja. Flashi na kipanya vitafanya kazi vizuri. Diski kubwa ya nje huenda ikazimika katikati ya kunakili, hivyo yafaa kisanduku chenye umeme wake.