Chama Hudumu kwa Nini? Mfano wa Wenzetu wa Ulaya



Leo twataka kunena juu ya wenzetu wa Ulaya, madaktari, wakaguzi wa afya na wataalamu wa takwimu, walindao afya ya umma. Kazi yao haionekani, kwani ugonjwa uliozuiwa haumpi mtu sifa. Mfanya kazi wa namna hii akikaa peke yake, moyo humvunjika upesi.

Kwa hiyo, mwaka 1992 vyama vya nchi mbali mbali viliungana vikafanya shirikisho moja, EUPHA. Kila mwaka hukutana, leo mji huu, mwakani mji ule. Tena, tangu 1995 Ulaya ina mafunzo ya miaka miwili ya kutafuta chanzo cha maradhi ya kuambukiza, na vijana wengi hupelekwa nchi isiyo yao. Mwaka 2020 Korona ilipofunga mipaka, mkutano uliokuwa ufanyike Roma haukuachwa. Ulifanywa kwa intaneti.

Twajifunza nini? Msaada waweza kukatwa siku yo yote. Chama hudumu kwa ada, kwa mkutano usiokosa, na kwa kufundisha vijana. Wazee wakistaafu bila kurithisha kazi, ofisi hubaki na chama kimekufa.

Basi ndugu, tulipe ada, na kila tawi lilete vijana wawili mkutanoni.