Garanti ya miezi sita: sisi wenyewe tulikosea

Hotuba iliyosomwa kwenye mkutano wa wanachama, Kisangani



Leo tunaongea nyumba. Kila mara mutu anakuja ku mulango wetu na barua ya mwenye nyumba mkononi, ao bila barua kabisa, vyombo vyake viko inje tayari.

Tuchukue mama mmoja wa kwetu. Jina hatutaji. Alirudi na watoto wanne, akapata vyumba viwili mu Mangobo, dola 30 kwa mwezi. Mwenye nyumba aliomba garanti ya miezi sita, na komisionere naye akataka mwezi wake. Mama hakuwa nayo. Alikuja kwetu, na sanduku letu lilitoa feza yote, dola 180. Hatukuuliza kontra. Hatukuuliza hata resi. Tulifurahi tu, tukaandika mu ripoti kwamba familia moja imepata makao.

Miezi nane baadaye mwenye nyumba akapata mpangaji wa kulipa zaidi. Akampa mama wiki mbili. Na garanti? Akasema imekwisha, ilitengeneza mlango na ukuta. Mama alipokataa kutoka, polisi mmoja aliletwa kumutisha mbele ya watoto. Akatoka usiku, kama vile alivyotoka kijijini wakati wa vita.

Sasa sheria inasema nini? Nchi yetu iko na sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, juu ya kupanga nyumba. Kwa nyumba ya kukaa, garanti haipiti miezi mitatu. Kwa hiyo dola 90, si 180. Mwenye nyumba akitaka nyumba yake, anatoa preavi kwa maandishi, miezi mitatu. Wakigombana, wanaenda kwanza ku servisi ya abita ya komini wapatanishwe. Ikishindikana njo wanaenda tribinali. Kufukuza mutu ni kazi ya hukumu ya juji. Si ya shefu wa kartie, si ya kijana mwenye misuli, na polisi haina kazi mu deni la nyumba. Deni si wizi. Katiba nayo, kifungu cha 29, inasema makao ya mutu hayaingiliwi ovyo.

Wengi wetu hatukujua hayo. Lakini sisi wa komite tulikuwa na karatasi ya sheria hiyo mu kabati, na tulilipa miezi sita vilevile, si mara moja. Hapo njo kosa letu. Neno lilitembea mu kartie: wale warudi wana wazungu nyuma yao, omba sita, watalipa. Hata jirani ambaye hajawahi kukimbia mahali popote, naye akaanza kuombwa sita. Feza ya kusaidia ilipandisha bei ya nyumba.

Kwa hiyo komite imekata shauri. Sanduku halitalipa zaidi ya miezi mitatu. Halitalipa bila kontra iliyoandikwa, yenye sahihi za pande mbili, na iliyopelekwa ku servisi ya abita. Komisionere tutamlipa akitupa resi, la sivyo aende zake.

Tunajua manung'uniko. Wandugu waliovuka mto kutoka Lubunga, tangu mapigano ya Wambole na Walengola yalipoanza 2023, walituambia wazi: mukiomba kontra, mwenye nyumba anafunga mlango, anachukua mutu mwingine. Ni kweli. Wengine watakosa nyumba juu ya shauri hili, na watalala wengi mu chumba kimoja kwa wiki kadhaa. Tulibishana siku mbili. Wachangaji wetu nao watuelewe: hesabu ya familia tulizopangishia itashuka mu ripoti ijayo.

Feza itakayobaki inaenda ku kazi ya sheria. Ni kazi ndogondogo: kuandika barua ya kujibu preavi, fotokopi, motto ya kumfikisha mzee ku komini, kumsindikiza mutu asiogope kuongea mbele ya ajenti. Kesi ikifika tribinali, tunapeleka mutu ku biro ya mashauri ya bure ya baro, kule avoka anamsikiliza asiye na uwezo. Hatutasaidia mwenye kazi aliyekataa tu kulipa. Wenye nyumba wengine ni wajane, wanaishi kwa hiyo dola 30.

Mama yetu wa Mangobo yuko kwa dada yake, Kabondo. Tulimpeleka ku servisi ya abita bila karatasi hata moja. Kilichomwokoa ni majirani wawili: siku ya kulipa walikuwa wanakaa pale chini ya muembe, wakaona dola zikihesabiwa, na walikubali kuja kusema. Mwenye nyumba aliahidi kurudisha ya miezi miwili. Amelipa mmoja. Wa pili tunaungoja, na tumeisha mwandikia barua.

Kama ulilipa bila resi, njoo kabla mwenye nyumba hajaanza maneno. Tuletee jina la mutu aliyekuwepo siku ile. Wenye kuhesabia dola chumbani peke yao, hao njo watatusumbua.