Mabafu Yamefungwa Hadi Jumatatu

*Maneno ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za majengo za sharika na marafiki wafadhili, katika semina ya utunzaji wa majengo iliyofanyika kwenye hosteli ya kituo chetu cha mafunzo.*



Awali ya yote tunawaomba radhi akina mama. Tangu mlipofika jana mmekuta mabafu manne ya upande wenu yamefungwa kwa kufuli. Wengine mmechungulia dirishani mkaona vigae vinang'aa na hakuna fundi ndani. Mzee mmoja alituuliza wakati wa chai: "Kama kazi imekwisha, mnamfungia nani?" Tulikuwa tumeandaa maneno kuhusu taarifa za robo mwaka. Tutayaacha, tujibu swali la mzee, maana nalo linatupeleka huko huko kwenye taarifa.

Mwaka jana mabafu haya haya yalikuwa yamechakaa. Saruji laini inayojazwa kati ya kigae na kigae, ambayo mafundi wanaiita grauti, ilikuwa imeliwa, mistari imekuwa myeusi, na chumba cha pili yake kilikuwa na unyevu ukutani. Tuliomba fedha, marafiki wakatoa. Fundi alipokagua alisema anahitaji siku mbili za kukwangua grauti ya zamani, siku moja ya kujaza mpya, kisha siku tatu au zaidi bafu likae bila maji. Sisi tulikuwa tayari tumepokea mkutano wa watu wengi, na tarehe ilikuwa kwenye barua. Tukamwambia, "Fundi, wageni wanafika kesho kutwa, fanya unavyoweza."

Akafanya alivyoweza. Hakukwangua, alipaka mpya juu ya ya zamani. Aliongeza maji kwenye ndoo ili iteleze na kuingia upesi. Jioni tulipiga picha, kwa kweli zilipendeza, na asubuhi yake wageni wakaoga. Mama msimamizi wa hosteli alitufuata ofisini akasema, "Baba, ile kitu bado mbichi, nimeigusa kwa kidole ikabonyea." Tulimshukuru tukaendelea na kazi nyingine. Wiki hiyo hiyo tuliandika kwenye taarifa kwamba ukarabati umekamilika kwa asilimia 100.

Haikupita miezi mitano. Grauti ilianza kutoka kama unga, halafu vipande vyembamba vikabanduka, halafu vigae. Unyevu ulirudi kwenye ukuta ule ule. Marafiki, fedha yenu ya mwaka jana ilikwenda na maji, na tuliyesababisha si fundi. Kazi ya safari hii tumeilipa kutoka kwenye mapato ya hosteli, na ndiyo maana uzio tuliowaahidi haujaanza.

Sasa tueleze kilichotokea, kwa kuwa sharika nyingi siku hizi mnaweka vigae kwenye nyumba za wachungaji, zahanati na vyoo vya shule.

Watu wengi hudhani saruji inakauka kama nguo kwenye kamba. Sivyo. Saruji inashikana na maji, na huko kushikana ndiko kunakoipa nguvu. Ninyi mnalijua jambo hili, ila hamjalihamishia bafuni. Mkimwaga sakafu ya zege kanisani, mnafunika kwa magunia na kumwagilia kwa siku saba, na hakuna mzee anayeruhusu benchi ziingizwe siku ya pili. Mafundi wanapima nguvu ya zege siku ya 28. Grauti ni ndugu yake zege. Inahitaji unyevu kidogo isikauke ghafla ikapasuka, lakini mkondo wa bomba la mvua ukiipiga ikiwa mbichi, unaosha saruji yenyewe na kuacha mchanga. Kwa hiyo unyevu ndiyo, mkondo wa maji hapana. Palipo na joto kali au upepo, fundi hupitisha kitambaa chenye maji kidogo. Huku kwetu milimani, mwezi wa saba, shida ni kinyume: baridi inaichelewesha saruji kushika. Mfuko ukiandikwa saa 24, sisi tunahesabu siku tatu, na hatuoni aibu kuongeza ya nne.

Maji mengi kwenye ndoo ni dhambi ya pili. Maji yaliyozidi yakitoka huacha vijitundu, na grauti yenye vijitundu hunywa maji kila mtu anapooga. Fundi wetu wa safari hii alichanganya nzito kama dawa ya meno, akaiacha itulie kama dakika kumi, akaikoroga tena bila kuongeza maji, ndipo akaanza. Aliisukuma kwa mwiko wa mpira akipita mshazari, ili ncha ya mwiko isichote alichokwisha kujaza. Kisha sponji iliyokamuliwa sana. Mtu akifuta kwa sponji inayodondosha maji amerudi kwenye kosa lile lile.

Lakini siku nyingi zaidi zilikwenda kwenye kukwangua, kazi isiyoonekana kwenye picha yoyote. Walikwangua grauti ya zamani hadi angalau nusu ya unene wa kigae, barakoa usoni kwa sababu vumbi lile linaharibu mapafu, na glavu mikononi kwa sababu saruji mbichi inaunguza ngozi. Kila kigae kiligongwa kwa mpini wa mwiko. Kilicholia kama debe tupu kiling'olewa na kubandikwa upya. Mtaona vigae sita vya rangi ya maziwa katikati ya vyeupe. Vya aina ile havipatikani tena mjini. Viacheni, vinatukumbusha.

Kwenye kona, ukuta unapokutana na sakafu, hatukujaza grauti. Hapo jengo linacheza kidogo na saruji itapasuka tu, hivyo panazibwa kwa silikoni. Silikoni inataka pakavu kabisa, basi itawekwa kesho Jumamosi, nayo ipewe siku yake nzima. Ndiyo hesabu ya Jumatatu.

Neno moja kwa wanaosafisha. Ile asidi ya chupa inayong'arisha vyoo inakula saruji. Mnapoona inatoa povu kwenye mistari ya vigae, ndivyo inavyoila. Tumeiondoa stoo. Sabuni ya kawaida na brashi laini vinatosha, na dirisha liachwe wazi.

Sasa kuhusu bajeti. Kwenye maombi mnayotuletea tunaona saruji, vigae, ufundi, usafiri, hata soda za mafundi. Hatujawahi kuona mstari wa siku za kusubiri. Siku hizo zina gharama: sisi hapa tumekataa vikundi viwili wiki hii, na mhasibu hakufurahi. Kuanzia maombi ya robo ijayo, andikeni siku hizo na hasara yake waziwazi. Marafiki wafadhili tuliokaa nao jana usiku wamekubali kuupokea mstari huo, ila wameomba nasi tusiwatumie picha ya siku ya mwisho ya kazi. Watapokea picha ya mwezi wa tatu baada ya watu kuanza kuoga. Taarifa ya mabafu haya, kwa hiyo, mtaisoma mwezi Oktoba, na ile ya mwaka jana tumeiandikia barua ya kuirekebisha.

Funguo anazo Mama msimamizi. Hata Mkuu wa Jimbo akiomba hatapewa. Tumekubaliana hivyo mbele yake. Hadi Jumatatu akina mama mtatumia mabafu ya nyuma ya jiko, na maji ya moto yako kwenye pipa kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Ndoo ni kumi na mbili, tafadhali mzirudishe.

Tunakaribisha maswali.