KATIBA NI AHADI: HAKI ZA RAIA WA UGANDA

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Watu wakaao pamoja hawana budi kuwa na ahadi. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, iliandikwa sahifa baina ya Muhajirina, Ansari na Mayahudi: kila kundi likabaki na dini yake, na wote wakafungwa na wajibu wa kuulinda mji. Katiba nayo ni ahadi. Hueleza mamlaka yatoka wapi, hupewa nani, na mpaka wake ni upi.

Watu wa Uganda wamekwisha kuonja uchungu wa ahadi kuvunjwa. Katiba ya uhuru ya mwaka 1962 haikutimiza miaka minne. Aprili 1966 Waziri Mkuu Milton Obote aliiondoa, na wabunge wakapitisha nyingine pasipo kuisoma, wakaambiwa nakala watazikuta katika visanduku vyao vya barua. Mwaka 1967 hiyo nayo ikabadilishwa.

Katiba iliyotangazwa tarehe 8 Oktoba 1995 ilitanguliwa na tume ya Jaji Benjamin Odoki, iliyokusanya maoni ya wananchi. Kifungu cha 1 chaeleza kuwa mamlaka yote ni ya wananchi. Cha 2, kuwa sheria ipinganayo na Katiba ni batili. Cha 7, kuwa dola haina dini. Cha 29, kuwa kila mtu ana uhuru wa kuabudu. Kifungu cha 129 chataja hata mahakama za kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi, kama Bunge litakavyoweka.

Walakini kifungu cha kukijua kabla ya shida kubisha hodi ni cha 23. Mtu akikamatwa, sharti aambiwe papo hapo sababu yake, kwa lugha aifahamuyo, na kwamba ana haki ya wakili amtakaye. Akiomba jamaa zake wajulishwe, wajulishwe mapema iwezekanavyo. Asipoachiliwa, afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Kifungu cha 28 chamhesabu hana hatia mpaka ithibitike au akiri mwenyewe. Na cha 44 chakataza kuteswa kwa hali yoyote ile, hata wakati wa hatari.

Basi mama aketiye nje ya kituo siku ya tano, akingoja huruma ya mkubwa, haombi sadaka. Anadai haki yake na ya mwanawe. Naye asipoijua, nani atamdaia?

Kifungu cha 50 chajibu: mtu yeyote, au chama, chaweza kwenda mahakamani kwa ajili ya mwingine aliyedhulumiwa. Kwa hiyo yaipasa kila jumuiya kuwa na nakala ya Katiba, na mtu wa kuwasomea watu vifungu hivi baada ya darasa, kwa lugha waielewayo, waume kwa wake. Na anayeidai haki yake akumbuke kuwa Kifungu cha 17 chamtaka aheshimu ya jirani, awe Mwislamu au asiwe.

Mwenyezi Mungu awajaalie viongozi na raia kutimiza ahadi zao. Amin.